Kufuli Lililobaki Mkobani

Kazini walimwita Chapuchapu, na mwenyewe jina hilo alilipenda. Alikuwa fundi wa lifti, mwembamba, mwenye miguu mirefu, mtu asiyejua kukaa kitini mpaka chai ipoe. Simu yake ilijaa kengele: ya kuamka, ya kumpeleka binti yake shule, ya mteja huyu, ya mteja yule, hata ya kumkumbusha kumpigia mama yake. Nafasi yoyote aliyoiona katikati ya kazi mbili, aliitafutia kazi ya tatu. Aliwahi kumwambia mkewe kwamba siku ni kama mkoba wa vifaa; ukijua kupanga, hakuna kisichoingia.

"Na mkoba ukipasuka?" mkewe akauliza.

"Unashonwa," alijibu, akiwa tayari ameshika mlango.

Siku zote alifanya kazi na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Huyo ndiye aliyemfundisha ufundi na kumwombea nafasi kwenye kampuni. Alikuwa pande la mtu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na nati kabla ya kuikaza. Wenzao walipenda kusema kwamba ukiwachanganya wawili hao na kuwagawa sawasawa, utapata mafundi wawili wa kawaida.

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye jengo la ofisi lenye lifti moja tu. Maji ya mvua yalikuwa yameingia kwenye shimo la lifti, pale chini kabisa ambapo kibanda chake hakifiki, yakaozesha kitufe chekundu cha dharura. Kazi ya kitufe hicho ni moja. Fundi akishuka shimoni anakibonyeza, na lifti haiwezi kusogea juu ya kichwa chake. Sasa kilikuwa kimekufa, na lifti nayo ikagoma. Ili kuipandisha ghorofa ya juu wapate nafasi ya kufanya kazi, Chapuchapu aliunga kipande cha waya cha kukiruka kitufe hicho. Waya huo angeutoa baadaye.

Kwa hiyo kinga iliyobaki ilikuwa moja: swichi kuu, kwenye chumba cha mashine juu ya paa. Na hapo pana sheria ambayo kila fundi wa lifti anaijua kuliko jina la babu yake. Anayeshusha swichi analifunga kabati lake kwa kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao cha "Usiwashe", na ufunguo anautia mfukoni. Uhai wa aliye chini uko kwenye kufuli hilo.

"Vile vizuizi vya mlangoni viko wapi?" shemeji aliuliza, akitazama nyuma ya gari.

Chapuchapu alikuna kichwa. Alikuwa amepakia vifaa asubuhi huku akiongea na simu. "Vimebaki karakana. Samahani, shemeji."

"Haya. Nitaufunga mlango nikiwa ndani. Watu hawa wanapenda kuchungulia, siku moja mmoja ataniangukia kichwani." Akawasha taa yake ya kichwani, akateremka kwa ngazi ya chuma. "Nenda kazime. Ukishafunga uniambie."

Mlango wa lifti wa ghorofa ya chini ukajifunga nyuma yake.

Chapuchapu alipanda ngazi akiruka vidato. Juu ya paa aliingia chumba cha mashine, akashusha swichi kuu, akasikia mota ikinyamaza. Akafungua mkoba, mkono ukaingia kutafuta kufuli. Simu ikalia.

Alikuwa bosi wao, mama mmoja wa maneno machache. "Uko wapi?"

"Jengo la ofisi, bosi. Ndio tunaanza."

"Watu wamekwama kwenye lifti ya duka la samani, kuna mzee ndani. Wewe ndiye uliye karibu. Unaweza?"

Swali hilo hakuwahi kulijibu kwa neno jingine. "Naweza."

Akaubeba mkoba begani na kuanza kushuka, sikio likiwa kwenye simu, kichwa kikichora njia: apite nyuma ya soko, akwepe foleni, awatoe wale watu, arudi kabla shemeji hajamaliza kukausha maji. Kazi ya juu ilikuwa imekwisha kichwani mwake. Alikwenda kuzima, na amezima.

Alipofika chini aligonga mlango wa lifti kwa ngumi. "Shemeji! Natoka kidogo. Duka la samani, watu wamekwama."

Sauti ilitoka ndani, nzito, kama ya mtu aliye kisimani. "Umefunga juu?"

"Tayari."

"Basi nenda. Usinisahau huku."

Wakacheka wote wawili, mlango ukiwa katikati yao.

*

Duka la samani lilikuwa na ghorofa chache tu, lakini lifti yake ilikuwa kuukuu, na ilikuwa imesimama kati ya ghorofa mbili. Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika mlangoni wakipeana ushauri. Mmoja alikuwa na nondo mkononi.

"Weka chini hiyo," Chapuchapu alimwambia. Akaweka mdomo kwenye upenyo wa mlango. "Mnanisikia humo ndani? Mimi ni fundi."

"Tunakusikia." Sauti ya mwanamke, ya mtu anayejikaza. "Niko na baba. Anapumua kwa shida, fundi. Kuna joto sana."

"Hewa ipo, dada, haiishi. Mkalishe chini, mfungue vifungo vya shati. Lifti itasogea kidogo kidogo, msishtuke. Na msiguse mlango."

Akapanda juu. Mashine ya pale alikuwa anaijua. Angezima umeme, angeachia breki kwa mkono na kulizungusha gurudumu la mota taratibu mpaka kibanda kifike usawa wa sakafu. Ni kazi ya nguvu na subira. Akashusha swichi, akaingiza mkono mkobani atoe kufuli.

Vidole vikaligusa. Likiwa limefunguka, ufunguo ukining'inia.

Alilitoa akalitazama. Kila fundi wa kampuni yao alikuwa na kufuli moja, lenye jina lake limechongwa kwa msumari. Hili lilikuwa lake. Lilitakiwa liwe kwenye kabati jingine, juu ya paa jingine.

Alijaribu kukumbuka vizuri, labda alifunga kwa kitu kingine, labda alitundika walau kibao. Kibao nacho kilikuwa humo humo mkobani, chini ya koleo.

Akampigia shemeji. Simu haikupatikana. Bila shaka haikupatikana, ndani ya shimo la zege mawimbi hayafiki. Akatafuta namba ya msimamizi wa jengo, akakumbuka kwamba hakuwahi kuihifadhi. Mambo ya wasimamizi alikuwa akimwachia shemeji. Ilikuwapo namba ya mapokezi kwenye stika ya zamani aliyoipiga picha. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakata. Akapiga tena. Hali ile ile.

Alimfikiria yule msimamizi, mtu mwema, mwepesi wa kusaidia kila mtu. Gari la mafundi limeondoka. Wapangaji wa juu wanalalamika ngazi zinawaua magoti. Mtu kama huyo angefanya nini? Angepanda juu kuchungulia. Angekuta swichi imeshushwa, haina kufuli, haina kibao, wala dalili ya fundi. Angesema, ala, wamesahau kuwasha.

"Fundi?" Sauti ya mwanamke ilipanda kutoka chini kupitia tundu la kamba. "Fundi, bado upo?"

"Nipo, dada."

Hakuweza kuwaacha. Na hata kama angewaacha, gari lingekwama kwenye msongamano. Alibaki na mtu mmoja tu wa kumpigia, na huyo ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye angependa kumpigia. Mkewe alikuwa akiuza miwani kwenye duka lililo mtaa wa nyuma ya lile jengo la ofisi.

Alipokea haraka. "Eh, leo umenikumbuka mapema."

"Nisikilize. Usiniulize chochote. Kimbia jengo la ofisi, lile la lifti moja, nyuma yenu hapo. Mtafute msimamizi, mwambie asiwashe lifti. Kama humwoni, gonga mlango wa lifti wa chini, umwambie afungue na atoke."

"Nimwambie nani?"

"Kaka yako. Yuko shimoni, na juu sikufunga."

Mkewe alikuwa amekua na kaka fundi, akaolewa na fundi. Hakuhitaji kuelezwa kufunga ni nini. Chapuchapu alisikia kiti kikianguka, sauti ya mtu akiuliza kuna nini, kisha kelele za barabarani, kisha simu ikakatika.

Akabaki amesimama, kufuli mkononi. Mwili wote ulitaka kukimbia, na chini yake kulikuwa na mzee aliyeshindwa kupumua. Alilifunga lile kabati kwa kufuli. Akavuta ufunguo, akautia mfukoni, akaubana kwa nje na kiganja kuhakikisha umo. Akatundika kibao. Ndipo akashika mtaimbo wa breki.

Maishani mwake hakuwahi kufanya kazi moja kwa namna hiyo. Achia breki kidogo, zungusha gurudumu, kaza breki, pumua. Achia, zungusha, kaza. Ukiharakisha, uzito wa kibanda unaweza kukupokonya gurudumu, na hapo utawaua watu badala ya kuwaokoa. Kila alipokaza breki alichungulia simu aliyoiweka juu ya boksi la vifaa. Kioo kilikuwa cheusi. Jasho lilimwingia machoni, hakulifuta.

"Tunashuka!" mwanamke alisema. "Baba, tunashuka."

"Taratibu, dada. Bado kidogo."

Achia, zungusha, kaza. Alijikuta akizungumza na lile gurudumu kwa sauti ya chini, njoo mama, njoo hivyo hivyo, na aliposikia maneno yale akatambua ni ya nani. Akaendelea.

Alama ya rangi kwenye kamba ilipoonyesha kwamba kibanda kimefika usawa wa sakafu, alifunga breki, akashuka mbio na kufungua mlango kwa ufunguo wa mafundi. Mwanamke alitoka akimshika kiunoni mzee aliyelowa jasho, midomo imekauka, lakini miguu inafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Mzee alimkamata Chapuchapu mkono, hakutaka kuuachia. Alikuwa akimwombea dua ndefu, yeye na kizazi chake, na Chapuchapu alisimama pale akiitikia, macho yakiwa kwenye simu.

"Baba, nisamehe," alisema mwishowe, akijinasua. "Nina mtu mwingine ananisubiri."

Akampigia mkewe. Ikaita mpaka mwisho. Akampigia tena. Hakuna.

Garini alimpigia bosi. Angeweza kusubiri. Angeweza kusubiri ajue kwanza kama kuna haja ya kusema. Aliposikia "Enhe?" ya yule mama, maneno yalitoka yenyewe.

"Bosi, wa duka la samani wametoka salama. Lakini kule ofisini nilimwacha shemeji shimoni bila kufunga swichi. Sijui kama yuko hai."

"Nakuja," bosi alisema.

*

Foleni ilikuwa imesimama kabisa nyuma ya soko. Aliliacha gari kando ya duka la mbao, likiziba nusu ya mlango wa watu, akatimua mbio huku mwenye duka akimtukana. Alikimbia akikwepa mikokoteni na watu wenye mizigo, mkoba ukimpiga mgongoni. Alipoingia ile barabara ya jengo aliona watu mlangoni. Watu wakikusanyika mlangoni huwa kuna mambo mawili, na alikuwa ametoka kuliona moja. Akaacha kukimbia, akamalizia kwa kutembea.

Mlango wa lifti wa ghorofa ya chini ulikuwa wazi. Juu, katikati ya upenyo, kilionekana kitako cha kibanda cha lifti, cheusi kwa grisi, kikining'inia pasipofika kimo cha mtu. Kama kingeshuka tena kiasi hicho, kingekuwa kimemaliza.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi. Ovaroli imechanika begani, kiwiko kinavuja damu, chupa ya maji mkononi ambayo alikuwa hainywi. Karibu naye mkewe Chapuchapu alisimama mguu mmoja peku, kiatu kimoja hakijulikani kilikotupwa, akihema. Msimamizi wa jengo alikuwa amechuchumaa ukutani, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikujua," msimamizi alikuwa akirudia. "Gari liliondoka. Nilijua wamemaliza wote. Swichi ilikuwa chini tu, hivi hivi, nikaiwasha, sikujua."

Chapuchapu alipata habari yote vipande vipande, baadaye. Mkewe alifika akakuta mapokezi hakuna mtu. Hakumtafuta msimamizi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa lifti, akaupiga kwa viganja akiita jina la kaka yake la utotoni, lile ambalo nyumbani kwao tu ndiko wanakolijua. Shemeji alikuwa amelala chali akifunga kitufe kipya, taa ikimulika ukuta, na kwanza alidhani anaota. Kisha akasikia juu yake kamba zikilia. Ni mlio ambao fundi hausikii mara mbili. Hakujua arukie wapi. Alichojua ni kwamba dada yake anapiga mlango. Alijirusha kwenye ngazi ya chuma akavuta komeo la ndani. Mlango wa lifti ukifunguka, lifti yoyote husimama. Ndivyo zilivyotengenezwa. Ile nayo ilisimama, lakini ilijivuta kwanza, kama mnyama mzito anayekatazwa, na dada yake alimkamata kola akamtoa huku kiwiko kikisagika kwenye ukingo wa sakafu. Jinsi mwanamke yule alivyolivuta pande lile la mtu, mwenyewe hakuweza kueleza.

Chapuchapu alisogea mpaka kwenye ngazi. Alitaka kupiga magoti, akaona haya ya kuwaongezea watu kitu cha kutazama. "Shemeji," alisema.

Shemeji aliinua uso. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuuliza," alisema.

Basi.

Bosi alifika, akatazama kile kibanda kilivyoning'inia, akamtazama kila mmoja wao. Alimpeleka shemeji hospitali mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimwambia Chapuchapu, "Kesho utaripoti stoo. Ufunguo wa gari nipe." Akautoa mkono, akangoja. Kisha, akiwa ameshaupokea, akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi sikukuuliza kama mwenzako yuko shimoni. Nilikuuliza tu kama unaweza." Akaondoka.

*

Alikaa stoo miezi mingi, akipanga nati na kamba na balbu kwenye mashubaka. Hakufukuzwa, ingawa kuna siku alitamani afukuzwe tu yaishe. Bosi alibadilisha utaratibu: fundi mwenye mwenzake shimoni hapigiwi simu, hata jengo zima likikwama. Wenzake walikuwa wakipita kuchukua vifaa, na jina lile la Chapuchapu likawa linawashinda mdomoni. Walimwita "fundi" tu.

Nyumbani mkewe hakumgombeza. Kwa siku nyingi aliongea naye mambo ya lazima tu, ada ya shule, gesi imeisha. Jioni moja, wakiwa wanakunja nguo, akamuuliza bila kumtazama, "Kama siku ile ningekuwa sikuja kazini, ungempigia nani?"

"Sijui," alisema.

"Nami ndilo linaloninyima usingizi." Akaendelea kukunja. "Unajua nimekaa na wewe miaka yote hii nikikuona unapita tu? Mtoto anakusimulia jambo, unamwitikia, halafu kesho yake unamuuliza lile lile. Nilidhani ndivyo wanaume wenye bidii walivyo."

Chapuchapu akashika ncha ya pili ya shuka. Walilikunja pamoja, wakakosea, wakalikunja upya.

Shemeji alikuja kuwatembelea mara ya kwanza baada ya kiwiko kupona kabisa. Alileta matunda, akamnyanyua mpwa wake juu, akaketi. Walizungumza habari za huyu na yule. Mkewe alipokwenda jikoni, Chapuchapu aliona wakati ndio huo.

"Shemeji, bosi anataka kunirudisha kazi za nje mwezi ujao. Nimemwambia sitaki mpaka nizungumze na wewe. Unajua nimekukosea, sina namna ya kulisema."

"Umelisema siku nyingi. Hata kwa macho unalisema, mpaka unanichosha." Shemeji alijisugua kiwiko. "Rudi kazini, bwana. Wewe ni fundi, nati za stoo zitakufanya mwehu. Sina kinyongo na wewe. Wewe ni mume wa dada yangu, hapa ni nyumbani kwangu, nitakuja nile nilale nikitaka."

"Nashukuru."

"Ngoja nimalize." Aliweka kikombe chini polepole. "Shimoni sishuki tena wewe ukiwa juu. Nimejaribu kujilazimisha. Usiku nikifumba macho nasikia zile kamba. Bosi nimeshamwambia, atakupa mwenzako mwingine. Usinibembeleze, na usimtume dada yako anibembeleze." Akacheka kidogo kwa kukosea. "Dada yangu, namaanisha."

Chapuchapu alitikisa kichwa kukubali. Lilimchoma, lakini hakutafuta neno la kulipoza. Mkewe alirudi na sahani, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akajua.

Shemeji alipoaga, mkewe alitoka kumsindikiza. Chapuchapu alikusanya vikombe akaanza kuviosha. Kupitia dirisha la jikoni aliwaona kaka na dada wamesimama pale kwenye kona, hawaendi wala hawarudi, kama wafanyavyo watu waliolelewa nyumba moja. Shemeji alisema jambo, mkewe akainama kwa kicheko akimpiga bega, bega lile lile la ovaroli iliyochanika. Hakujua wanacheka nini. Akasuuza kikombe, akakifuta vizuri ndani na nje, akachukua kingine.